Ukoo wa Mzee Mwinyi: mashine ya santuri

*Salma:* Assalaam aleikum wanafamilia. Lile sanduku la santuri za marehemu babu limefika salama kutoka Tanga. Sasa nataka mashine ya kuzipigia, bei ya kawaida tu mana ndo naanza. Nimeona moja ya kibegi nzuri hiyooo, spika humohumo. Nichukue?

*Mjomba Sefu:* Waaleikum salaam. Hapana mwanangu. Vibegi vingi mkono wake wenye sindano unakandamiza sana santuri, gramu 5 mpaka 6 hivi, na katriji, kile kidude kinachoshika sindano, ni ya seramiki. Babu yako katunza santuri miaka yote hiyo alafu wewe uje uzikwangue?

*Iddi:* mjomba kaamka na hasira 😂😂

*Shangazi Rukia:* Iddi adabu.

*Salma:* Sasa ipi mjomba

*Mjomba Sefu:* Audio-Technica AT-LP60X. Ni ya mkanda wa mpira unaozungusha sahani, unabonyeza kitufe mkono unajinyanyua wenyewe unashuka kwenye santuri, ikiisha unarudi. Nyuma kuna swichi ya PHONO na LINE, ukiweka LINE unachomeka kwenye redio yoyote yenye AUX, huhitaji kununua kidude kingine cha kukuza sauti. Sindano ikiisha unapachika nyingine. Ubaya wake katriji haibadilishwi na uzito wa mkono huwezi kuugusa, ila kwa anayeanza mi naona ni heri hivyo, hamna cha kuharibu

*Iddi:* waya za nini karne hii

*Mjomba Sefu:* Ya bluetooth ipo pia, LP60XBT.

*Shangazi Rukia:* Salma hebu kwanza, santuri zenyewe ziko za namna gani? Mana babu alikuwa na nyingine nzitonzito za taarabu, tulikuwa hatuzigusi, ikidondoka tu imevunjika

*Salma:* Zipo shangazi! Lebo ina picha ya mbwa na gramafoni, His Master's Voice. Nyingine ndogondogo za Nairobi na kuna LP, zile kubwa za nyimbo nyingi

*Mjomba Sefu:* Ahaa kumbe. Basi futa yote niliyosema 😅 Hizo nzito ni za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, LP60X inakwenda 33 na 45 tu. Ukimpiga Siti binti Saad kwa 45 anatoka na sauti ya dume

*Iddi:* 💀💀💀

*Shangazi Rukia:* Siti alikwenda Bombay kurekodi 1928 jamani, kama yumo humo hiyo ni mali

*Mjomba Sefu:* Na mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya LP inazama mpaka chini inaokota uchafu. Kwa hiyo angalia AT-LP120XUSB, ina 33, 45 na 78, mota inazungusha moja kwa moja bila mkanda, kichwa cha mkono kinachomoka unaweka cha pili chenye sindano ya 78, na ina USB ya kunakili kwenye kompyuta. Bei sasa, karibu mara mbili

*Salma:* Uwiii. Na ya mtumba?

*Mjomba Sefu:* Sawa, ila zilizotoka Marekani angalia umeme, nyingi ni za volti 120, za kwetu 230 itaungua.

*Iddi:* salma mi nakuja kukusaidia kuzifuta na spiriti

*Mjomba Sefu:* USITHUBUTU. 78 ni shelaki, utomvu wa wadudu sio plastiki, spiriti inaiyeyusha!! Kitambaa laini, maji kidogo na tone la sabuni, lebo isilowe

*Shangazi Rukia:* Mi natoa laki moja inunuliwe hiyo yenye 78, na zinakiliwe taarabu kwanza. Iddi nawe utoe

*Iddi:* shangazi mi mwanafunzi 😭

*Shangazi Rukia:* Raba za juzi ulinunua na nini?

*Salma:* 😂😂 natuma namba ya kuchangia