Tumelipia mabwawa ya kuogelea, tumepelekwa kwa mamba wa Galana

Jamani watu wa Malindi, tangu Jumapili silali kwa hasira, leo naitoa yote.

Tuliwalipa waandalizi wa safari shilingi 42,000 kwa watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mavyaa. Siku mbili, usiku mmoja, kupiga kambi nyikani kwenye "mabwawa ya maji safi, salama kwa familia". Picha walizotutumia zatia wazimu: maji yang'aa kama kioo, maporomoko, watoto wanaruka kutoka mwambani. Mimi mzaliwa wa Shela nikaona haya, kumbe kwetu kuna mahali hivi na sijui? Nikatuma arbuni siku ile ile.

Gari lilichelewa saa tatu. Haya, hilo nalisamehe. Tukashika barabara ya Sala, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, na kabla hatujafika langoni tukakata kulia kwenye vumbi hadi mtoni. Mto wenyewe ni Galana. Yaani Sabaki, huu huu tunaouvuka darajani tukienda Mambrui, unaotugeuzia bahari rangi ya chai kaskazi ikivuma! Nikamuuliza kijana aliyetuongoza, mabwawa yako wapi? Akanionyesha kidimbwi kirefu chini ya mikoma, maji yametulia, hudhurungi. "Ndiyo haya, mama. Mamba wako juu huko, ndani ya mbuga."

Eti mamba wanajua mpaka wa mbuga.

Nakiri kosa langu: niliwaacha watoto waingie ukingoni. Joto lilikuwa kali, nao walikuwa wamevaa nguo za kuogelea tangu alfajiri. Hazikupita dakika kumi akatokea mzee mmoja wa Kigiriama na mbuzi wake. Hata salamu hakumaliza. "Mama, toa watoto. Toa sasa." Tulipowatoa ndipo akatuonyesha mchangani ng'ambo alama ya tumbo na mkia, bado mbichi. Akatueleza jambo ambalo kijana wetu, anayelipwa kulijua, hakulijua au hakulisema: kiangazi mto ukipungua, mamba na viboko hujikusanya kwenye vidimbwi virefu vilivyobaki. Kwa hiyo mahali panapoonekana pazuri kwa kuogelea ndipo hasa walipo wao.

Kisha akaangalia mahema yetu akatikisa kichwa. Yalikuwa yamepigwa juu ya njia ya viboko! Ile njia pana iliyokanyagwa tangu majini hadi majanini, mavi yamerushwa vichakani pande zote mbili. Kiboko hutoka usiku kwenda kula, na ukimzuilia njia ya kurudi majini hana mjadala nawe. Mavyaa, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akakunja mkeka wake akaenda kukaa garini, akatuambia atashukia mlangoni kwake tu.

Tukarudi usiku huo huo. Pilau tuliyoahidiwa iliishia kuwa mkate na soda.

Wiki hii shemeji yangu aliyeko Australia akaziona zile picha. Akacheka mpaka akakohoa. Ni za hifadhi ya Litchfield, huko huko Australia, kusini mwa mji wa Darwin: Wangi Falls na Buley Rockhole. Na huko nako mamba wapo! Akanambia pale Wangi, mvua zikiisha, askari wa hifadhi hukagua na kutega mamba kwanza ndipo watu waruhusiwe kuingia majini. Hawa wetu wameiba picha, ule ukaguzi wakauacha huko huko.

Nimedai pesa zangu. Jibu: "Safari ilifanyika, mlirudi kwa hiari yenu." Kwa hiari! Nilipowaandikia mara ya pili wakanifungia WhatsApp. Na bado gharama haijaisha, maana maji yaliyotuama yana konokono wa kichocho, na kliniki wametuambia tuwarudishe watoto baada ya wiki sita kupimwa, mapema mayai ya kichocho hayaonekani. Hiyo nayo ni kwa hiari yangu?

Mwenye kujua mahali pa kupeleka malalamiko haya hapa mjini anielekeze, stakabadhi ninazo zote.

Jana nimepita pale sokoni, nikakuta bango lao la safari ya Desemba, vuli ikiwa imeshajaza mto. Picha ni zile zile. Wameongeza neno moja tu: "kina kifupi".