"Completely" inakaa wapi kwenye sentensi?

Wakuu, "I don't agree completely" ni sawa na "sikubali kabisa"? Na hiyo completely inakaa kabla ya kitenzi au baada?

JIBU: Si sawa, mkuu. "Kabisa" yetu ikifuata kanusho hukana lote. Completely ikikanushwa hubakiza kitu, yaani umekubali kwa kiasi fulani. Ukitaka kukataa moja kwa moja, andika "I don't agree at all" au "I completely disagree". Hapo ndipo barua ya kikazi inaweza kugeuka maana bila mwandishi kujua.

JIBU: Kuhusu mahali: baada ya kitenzi kisaidizi, kabla ya kitenzi kikuu, "I have completely forgotten his name". Usiitie kati ya kitenzi na yambwa (kinachotendwa, hapa "his name"); "I forgot completely his name" ni kosa. Mwishoni inaruhusiwa: "The fire destroyed the house completely."

JIBU: Msisahau vivumishi, yaani maneno ya sifa. "Completely empty" sawa, maana chupa ama ni tupu ama si tupu. "Completely big" haipo, tumia very. Hoteli ikijaa, iliyozoeleka ni "fully booked".