Mama na mjomba wanabishana kuhusu siku meli ya MV Bukoba ilipozama, ubongo unatunzaje kumbukumbu?

Binti_Kirumba: Habarini wakuu. Kila ikikaribia tarehe 21 Mei nyumbani ni mabishano. Mama anasema siku MV Bukoba inazama 1996 alikuwa mwaloni kwenye dagaa akasikia kwenye redio ya muuza chai, mjomba nae anaapa alimkuta mama nyumbani anachambua mchele na yeye ndo akampa taarifa. Kila mmoja anataja mpaka kanga aliyovaa mama, na hawalingani! Msiba mzito vile, inakuwaje?

Ticha_Nyegezi: Pole sana, hapo hakuna muongo. Tukio halikai ubongoni likiwa zima, sauti ina eneo lake, sura zina lake, woga una lake, halafu kuna sehemu inaitwa hipokampasi ndo inaviunganisha. Marekani 1953 Henry Molaison alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili ili kutibu kifafa, toka hapo akiongea na mtu mgeni, mgeni huyo akitoka kidogo na kurudi, hamjui tena, ila mambo mengi ya utotoni alibaki nayo. Kwahiyo mama akisimulia anaunganisha upya, na pengo likiwepo ubongo unaliziba bila kumwambia.

dogo_wa_Igoma: Ongezea hapo ticha, mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walifundisha panya kuogopa mlio fulani, kisha wakawakumbusha ule mlio na papo hapo wakawachoma dawa ubongoni inayozuia kutengeneza protini ambazo ubongo unazihitaji kushikisha kumbukumbu, woga ukapotea. Waliochomwa bila kukumbushwa woga wao ukabaki palepale. Maana yake kumbukumbu ikiguswa inalegea kwanza ndo ishike tena, na hawa wazee wameigusa kila mwaka karibu miaka thelathini, tena wakisikilizana!

Binti_Kirumba: Lakini mama ana uhakika kabisa jamani, mpaka analia.

Ticha_Nyegezi: Machozi ni ya kweli mdogo wangu, ila uhakika sio kipimo. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipolipuka 1986 mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi kesho yake walisikiaje habari, baada ya miaka kama miwili na nusu akawauliza tena, wengi walisimulia tofauti na walichoandika kwa mkono wao na bado walijiamini.

dogo_wa_Igoma: Warekodi kila mtu kivyake, usiwaulize "ulivaa kanga gani", uliza tu "ilikuwaje". Swali lenyewe linaweza kupandikiza kitu. Na kama kuna barua ya wiki ile itafute, hiyo iamini zaidi kuliko wote wawili.