Goti zima linakunjika digrii ngapi mtu akitembea? Grafu zangu hazieleweki

fizio_mwanafunzi
Wakuu habari, nina projekti ya kupima magoti ya watu wasio na tatizo lolote wakiwa wanatembea, natumia kamera ya simu ubavuni na vibandiko vitatu, nyonga, goti na kifundo cha mguu. Sasa vitabuni grafu ina vilima viwili, kidogo kisigino kikishatua, kama digrii 15 hadi 20, halafu kikubwa mguu ukiwa hewani, 60 na ushee. Mimi hicho kidogo karibu sikioni, na kuna jamaa hata akisimama wima goti linasoma 8. Ni mgonjwa au kipimo changu? Na kuyumba kwa goti kwenda pembeni naweza kupata kwa simu hiyohiyo?

sensa_tupu
Spidi umepima? Mtu akijua anarekodiwa anatembea kama anapita kwenye utelezi. Kile kilima kidogo ni goti linapokea uzito huku misuli ya mbele ya paja ikilizuia lisiendelee kukunjika, sasa akienda taratibu uzito unatua kwa upole na kilima kinafifia, hata kile kikubwa kinashuka. Bila spidi huwezi kumlinganisha na kitabu. Waache wapite pite kwanza wakusahau, afu chukua hatua za katikati ya njia, zile za kuanzia achana nazo.

MamaGoniometa
Na simu inachukua fremu (picha) ngapi kwa sekunde? Kisigino kutua hadi kisigino hichohicho kutua tena ni kama sekunde moja tu, na goti linapanda kile kilima ndani ya asilimia 15 hivi ya muda huo, kwa hiyo kwenye fremu 30 unapata fremu nne au tano, ukilainisha grafu kidogo tu kimeshaliwa 😅. Weka 120 kama simu inaruhusu.

Ile 8 usikimbilie ugonjwa. Kibandiko cha nyonga kikisogea mbele au nyuma, mstari wa paja unahama wote. Mpime amesimama kwa goniometa ya mkono (kile kipimo cha pembe za viungo), ikisoma sifuri basi toa hiyo 8 kwenye data yake yote, ila kama kweli anasimama amekunja goti usitoe, utaficha kitu cha kweli.

sensa_tupu
Pembeni kwa simu moja hapana mkuu. Hizo ni digrii chache tu na ngozi ya paja inateleza juu ya mfupa, kosa linalingana na kitu chenyewe. Hata maabara zenye kamera kibao zinasumbuka, mhimili wa goti (mstari ambao goti linakunjika kuuzunguka) ukiwekwa upande kidogo tu, kukunja kunavujia kwenye grafu ya pembeni. Ukiona grafu ya pembeni imevimba palepale mguu ulipo hewani, ishuku. Ndo maana kuna watafiti waliopigilia pini kwenye mifupa ya watu waliojitolea (mimi hapana 😂), wengine wanatumia video za eksirei.

fizio_mwanafunzi
Duh, simu ilikuwa kwenye 30. Je nikiwaweka kwenye mashine ya kutembelea ili spidi iwe moja kwa wote?

MamaGoniometa
Sawa tu, wape dakika kadhaa wazoee, ila data zake usizichanganye na za sakafuni. Na simu ikae usawa wa goti, ikiangalia pembeni kabisa, ukiipinda tu digrii zinadanganya.