Mrejesho: emalsheni sasa haitoki tena

Wakuu, nachapa fulana kwa fremu yenye kitambaa chepesi (screen printing). Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini nikishaichoma fremu kwa mwanga halafu nikaiosha, emalsheni (dawa inayopakwa kwenye kitambaa cha fremu na kugandishwa na mwanga, isipokuwa penye mchoro) yote inatoka na mchoro wake, nabaki na kitambaa kitupu. Wengi mlisema nimeuziwa mbovu. Mmoja tu aliuliza, "Unaikausha muda gani?" Huyo ndiye aliyelenga.

Nilikuwa naikausha saa moja. Kwa unyevu huu wa Dar, na chumba changu cha Mbagala chenye dirisha moja nililoliziba kwa blanketi, ilikuwa kavu juu tu, ndani mbichi. Sasa naosha kitambaa kwanza kwa sabuni ya vyombo kutoa mafuta, napaka safu moja nyembamba kila upande, nalaza fremu upande unaogusa fulana ukiwa chini, na feni inapuliza usiku kucha gizani.

Muda wa mwanga nao nimeujaribu: nilifunika fremu kwa kadibodi nikawa naisogeza kila baada ya dakika moja. Kwa taa yangu, sehemu ya dakika 3 ilitoka yote kwenye maji, ya dakika 7 mistari myembamba ikagoma kufunguka, ya 5 ikakaa sawa. Msinakili namba zangu, kila taa ina yake.

Jana nimechapa fulana 40 za timu ya mtaani. Vitundu vilivyoachwa na vumbi kwenye emalsheni niliviziba kwa selotepu. Ila kioo cha kukandamizia filamu yenye mchoro juu ya fremu kimepasuka, na kilikuwa cha meza ya sebuleni. Mama watoto bado hajanisemesha.