Rekoda ya glaida inatoa data ila tableti haisomi, shida ni waya au setingi?

Mbawa_Ndefu:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada hapa nimekwama. Kwenye glaida (ndege isiyo na injini) kuna rekoda ya safari iliyoidhinishwa na IGC (kamisheni ya kimataifa ya glaida), faili za safari zinatoka vizuri tu. Sasa nimefunga tableti yenye XCSoar (programu ya marubani wa glaida) kwa ajili ya ramani na hesabu ya kimo cha kurudia uwanjani, na nataka ichukue GPS kutoka kwa rekoda sio ile ya ndani yake. Rekoda ina tundu la RJ45, nimeunga waya tatu kwenda kwenye adapta ya USB ya siriali: kutuma, kupokea na negativu. Nikifungua Monitor kwenye menyu ya Devices naona herufi za ajabu ajabu zinapita, hakuna kinachosomeka, na XCSoar inasema haina GPS. Halafu kuna jamaa ananiambia hizo ni kazi za bure, niache tableti itumie GPS yake. Ni kweli?

fundi_waya:
Mkuu, herufi zikipita maana yake waya wa data umeupata, ungegeuza kutuma na kupokea usingeona kitu kabisa. Hapo zimebaki sababu mbili, aidha baud (kasi ya kutuma data) hazifanani au umeunganisha volti za aina mbili tofauti.

Kabla hujagusa setingi chukua multimita. Chomoa adapta, washa rekoda, nyaya ya mita nyeusi iweke kwenye negativu na nyekundu kwenye waya wa kutuma wa rekoda. Ukisoma volti hasi, tuseme -5 au -6, hiyo ni RS-232. Ukisoma chanya kama 3.3 au 5 hiyo ni TTL. Namba itachezacheza kidogo kila sekunde data ikipita, usishtuke. Kwa RS-232 waya wa kupokea unasoma karibu na sifuri, kwa hiyo hata kama huna mchoro unaweza kuzitofautisha. Adapta ya RS-232 ukiipa TTL inasoma kila biti kinyume, utapata takataka hata baud ikiwa sahihi kabisa. Na adapta ya TTL ukiipa RS-232, ile volti hasi inaweza kuiua.

Kingine, hiyo RJ45 sio ya mtandao wa kompyuta jamani! Baadhi ya pini zake zinabeba umeme wa betri, volti 12, na watengenezaji wengine wanahesabu pini kuanzia upande wa pili. Usifuate rangi za waya, pima kila pini kwanza ndio uunge.

Tai_Mweupe:
Fundi kamaliza upande wa volti, mimi niongezee baud. Kiwango cha NMEA 0183 (lugha ya data za GPS) ni 4800 lakini rekoda nyingi zinaruhusu kupandisha, angalia menyu ya rekoda yako imewekwa ngapi na XCSoar uiandikie hiyo hiyo. Ukiweza weka 19200 au zaidi. 4800 ni kama herufi 480 tu kwa sekunde, sentensi moja ya NMEA inaweza kufika herufi 82, kwa hiyo GPRMC na GPGGA (sentensi za GPS) zinapita bila shida, ila kama rekoda yako ina FLARM (kifaa cha kuonya ndege zikikaribiana) ndani kila ndege iliyo karibu inaongeza sentensi yake ya PFLAA, na mkiwa wengi kwenye thermal (hewa ya moto inayopanda) moja data inaziba. Yaani inaziba pale pale unapoihitaji kuliko wakati wowote.

Kuhusu faida, huyo jamaa simuungi mkono. Rekoda ina kihisi cha presha, tableti nyingi hazina au kinasoma presha ya ndani ya kokpiti tu. Kama rekoda inatuma PGRMZ (sentensi ya kimo), XCSoar inapata kimo cha presha, na mipaka ya anga inayoandikwa kwa flight level (kimo cha presha ya kawaida) inapimwa kwa presha, sio kwa GPS. Pia antena ya rekoda inaona anga vizuri juu ya dashibodi, tableti yenyewe iko chini kwenye kivuli cha mkono wako.

Ila kumbuka faili linalokubalika kwa almasi (tuzo ya marubani wa glaida) au rekodi ni la rekoda, la XCSoar halikubaliki hata kama linaishia na .igc. Na rekoda haihifadhi kila inachotuma. Inaweza kutuma kila sekunde huku inaandika kila baada ya sekunde kadhaa kulingana na ulivyoiweka, kwa hiyo tableti ikikuambia umeingia kwenye kona (eneo la kugeuzia) usigeuze hapo hapo, endelea kidogo mpaka uwe na uhakika nukta imeandikwa ndani.

Upepo_wa_Jioni:
Mimi naongeza moja tu, chaja ya kushusha volti 12 kwenda 5 zile za bei rahisi zinapiga kelele kwenye redio. Jaribu redio ukiwa chini tableti ikiwa inachaji. Na laini ya tableti iwe na fyuzi yake, isichangie na ya rekoda.

Mbawa_Ndefu:
Asanteni sana wakuu. Nimepima, waya wa kutuma una -5.6 kwa hiyo ni RS-232, adapta nayo ni RS-232. Rekoda ilikuwa kwenye 19200 na XCSoar 4800. Sasa GPRMC zinasomeka na ramani inatembea! Lakini nikijaribu kutuma task (njia ya kona nilizopanga kuruka) kwenda kwa rekoda inagoma.

fundi_waya:
Safi. Task inahitaji njia ya kwenda na kurudi, kwa hiyo hakikisha kutuma kwa adapta kumefika kwenye kupokea kwa rekoda, huo waya GPS haiutumii ndio maana ukikatika hujui. Halafu kwenye Devices usiache draiva ya Generic, chagua ya rekoda yako, kila mtengenezaji ana lugha yake ya kupokea task. Itume ukiwa chini kabla ya kuruka. Jaribio la kwanza pakua faili ulisome kwenye kompyuta, mistari inayoanza na herufi C ndiyo task iliyosajiliwa, kama kona zako zote zipo hapo kwa mpangilio wake basi imeingia.