Je, ziara za maeneo ya kihistoria humsaidia mtoto kujifunza?

Swali: Mwanangu wa miaka 9 hukariri tarehe za historia, kisha huzisahau mara mtihani unapokwisha. Je, kumpeleka kwenye magofu na ngome kutamsaidia, au atachoka bure?

Jibu la 1: Kutamsaidia, mradi ziara isigeuke darasa la pili. Kila upande wa Piramidi Kuu ya Giza, nchini Misri, una urefu wa mita 230 hivi, lakini namba hiyo haimwambii mtoto kitu hadi azihesabu hatua zake mwenyewe kando ya ukuta wowote wa kale.

Jibu la 2: Naongezea kwamba achore anachokiona, kwani kuchora humlazimisha kuyatazama matundu ya mizinga na kujiuliza adui alitarajiwa kutoka upande gani.

Muuliza swali: Nashukuru. Nilikuwa nimeandaa maswali 20, nitabakiza mawili.